Magoti Mawili ya Nyumba ya Mzee Kimeu

Ninyi mnaoanza kazi ya fisio mwaka huu, kazi ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao, kabla hamjagusa goti la mtu yeyote, nisikilizeni kidogo. Neno mnaloliacha kando ya kitanda cha mgonjwa halilali. Ninyi mkienda kunywa chai, lenyewe linabaki pale likifanya kazi.

Nilikuwa bado mbichi kazini, huko Kitui, tulipompata fundi mmoja wa kujenga nyumba, Wambua, mtu wa Kiboko. Alikuwa amebadilishiwa goti, na mtu fulani wodini akamwambia asiwe na wasiwasi, lile goti limeshikizwa na simiti. Wambua alifurahi sana. Simiti aliijua kuliko alivyowajua watoto wake. Kesho yake asubuhi nesi akakuta bendeji imelowa chepechepe. Akabadilisha. Kesho kutwa, vilevile. Tulidhani jeraha linatoa maji, hadi nesi alipomkuta na kikombe mkononi akimimina polepole, kwa uangalifu, kutoka juu kwenda chini.

"Fundi, unafanya nini?"

"Namwagilia, sista. Simiti isipokunywa maji siku za kwanza inapasuka. Nashangaa nyinyi hamkuniambia."

Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Bwana Mutisya, aliyekuwa mkubwa wangu katika kazi na aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua, hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu na Wambua, akamwambia simiti ya daktari si ndugu ya simiti ya nyumba, hukauka mgonjwa akiwa bado mezani, na maji juu ya kidonda huita wadudu. Wambua akashukuru, akaweka kikombe chini. Mungu alitusaidia, kidonda kilipona kikavu.

Nje Bwana Mutisya akaniambia, "Mwikali, yule mzee hakukosea. Alichukua neno tulilompa akalifanyia kazi kwa akili aliyo nayo. Sasa wewe kesho utaingia chumba cha upasuaji. Huwezi kumfundisha mtu kutembea na kitu ambacho hujui kimeshikiliwa na nini."

Basi nikaingia. Nawaombeni na ninyi muingie, hata mara moja, hata kama mkisimama kwenye kona mmefungwa barakoa mpaka machoni.

Simiti ile ni unga na maji yake, kila kimoja kwa pakiti yake. Aliyekuwa akiichanganya ni Sista Mwende, mama mfupi mwenye mikono mizito. Harufu ya simiti hiyo ni kama ya rangi ya kucha, inapanda hadi kwenye paji la uso. Kwanza inakuwa uji. Halafu inakuwa kama ugali unaoanza kushika mwiko. Halafu inafika mahali inaacha kunata kwenye glavu, na hapo ndipo daktari anaitaka. Anaipaka kwenye mfupa uliokatwa, anaikandamiza iingie kwenye vitundu vidogo vya mfupa, anaweka chuma cha goti jipya, anagonga, ananyoosha mguu, na watu wote wananyamaza. Wanasubiri. Siku ya joto, na Kitui inajua kuwa na joto, simiti ina haraka. Sista Mwende alikuwa akiweka pakiti mahali pa baridi, na kama mtambo wa kupoza chumba umekataa kazi angesema bila kuinua macho, "Daktari, leo hii kitu haitangoja hadithi." Na daktari angekatiza hadithi yake.

Siku ile alinipa kipande kilichobaki nikishike. Kilikuwa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Nikawa nakifinyafinya nikijisifu moyoni. Punde kikaanza kuwa na joto, kikazidi, kikawa kama yai lililotoka kwenye maji ya moto, nikakitupa kwenye beseni. Kilipogonga, kililia kama jiwe. Wakati huo daktari alikuwa ameshalikunja goti la mgonjwa akiangalia kama linacheza vizuri. Lilikuwa limeshika. Mgonjwa bado amelala, na goti lake limeshika.

Aina ya pili niliiona miaka mingi baadaye, nilipohamia upande wa Makueni. Ile haina simiti. Chuma chake kwa ndani kina uso wa kukwaruza kama msasa. Daktari anakata mfupa kwa kipimo, anakigonga kile chuma kwa nyundo mpaka kinabana, basi, anafunga. Hakuna kuchanganya wala kunyamaza. Mfupa wenyewe ndio utaota polepole na kuingia kwenye ule mkwaruzo, ukishike. Kwa hiyo msifikiri kusubiri kumeondolewa. Kumehamishwa tu. Goti la simiti linasubiriwa mezani, na hili lingine linasubiriwa nyumbani, wiki nyingi, miezi. Chaguo ni la daktari, kulingana na mfupa wa mtu, umri wake, na vifaa alivyo navyo na alivyozoea. Nimeona ya simiti yakisumbua na yasiyo na simiti yakitembea kama hayajaguswa. Msije mkamwambia mtu hii ni nzuri na hii ni mbaya. Nitawaambia habari za nyumba moja ambayo nusura neno hilo liharibu magoti mawili.

Mzee Kimeu aliendesha lori la barabara ya Mombasa karibu maisha yake yote. Alijua kila mahali pa kula Mtito Andei na alijua nani anaongeza maji kwenye mchuzi. Alipostaafu alirudi kwao, juu huko Nunguni, ambako baridi ya asubuhi inauma na shamba limekatwa matuta kama ngazi. Mkewe, Mama Nduku, alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na alikuwa na kitalu cha miche ya avokado. Alikuwa akipandikiza mwenyewe, kitawi cha mti mmoja juu ya mche wa mwingine, kwa kisu kidogo na utepe wa plastiki, na watu walitoka mbali kununua miche yake. Mzee alimaliza magoti kwenye klachi, na mama akayamaliza kwenye matuta. Walikuja kliniki pamoja, wakapasuliwa wiki ile ile, kila mmoja goti moja, na daktari mmoja.

Kwa mzee daktari aliweka simiti, kwa sababu mifupa yake ilikuwa imeanza kulainika. Kwa mama hakuweka, kwa sababu alikuwa bado hajazeeka na mfupa wake ulikuwa mgumu wa mtu wa kazi. Aliwaeleza wote wawili, mimi nikiwa nimesimama hapo. Mama Nduku aliitikia kwa kichwa. Lakini mnajua mtu anayeitikia daktari kwa heshima na mtu aliyeelewa, kwa mbali wanafanana.

Mzee alikaa wodi ya wanaume na mama ya wanawake, na mimi ndiye niliyekuwa nikipita huku na huku. Kila nilipomfikia mama, swali lake lilikuwa moja. "Baba Nduku amekula?" Nikifika kwa mzee, "Mama amelala?" Nilikuwa fisio nikawa posta.

Mzee alisimama kesho yake akatembea na fremu ya kutembelea hadi dirishani. Wiki chache baadaye, nyumbani, alikuwa ameweka fremu kando akatumia gongo, na baada ya hapo gongo likawa la kuonyeshea vitu tu. Goti la mama lilivimba na kuuma, hasa akianza kuinuka. Si kila mtu hutokewa na hilo, ila yeye lilimtokea. Tulimpiga picha, tukampima damu, daktari akamkagua. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ilikuwa ni kungoja na kuendelea na mazoezi.

Ila Mzee Kimeu alikuwa dereva, na dereva hajui kunyamazia safari. Kanisani akasimama kutoa ushuhuda. Akasema Mungu ni mwema, yeye ametiwa simiti, sasa ni barabara ya lami. Watu wakapiga makofi. Mama Nduku alikuwa ameketi mwisho kwenye benchi, mguu umenyooshwa. Wakitoka, wanawake wenzake wakamuuliza kwa upole, maana hawakuwa na ubaya, "Na wewe simiti yako wanaweka lini?"

Nilipowatembelea nyumbani baada ya hapo nilimkuta mama kwenye kiti mlangoni, goti likiwa juu ya mto, fremu imeegemezwa ukutani mbali na mkono wake. Hiyo peke yake iliniambia mengi. Mtu anayetembea huweka fremu karibu.

"Unaendeleaje, mama?"

"Niko tu, daktari." Huku juu kila anayekugusa mguu ni daktari, msihangaike kusahihisha. "Nataka unisaidie kitu moja. Ongea na yule daktari mkubwa anirudishe ndani, aniwekee simiti kama ya mzee. Hii yangu walishikisha tu hivi hivi. Nikisimama naisikia."

"Unaisikia ikitikisika?"

"Naisikia ikiuma. Kama ingekuwa imeshikwa ingeuma?"

Mzee Kimeu alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

Nilichomoa mto chini ya goti lake kwanza. Vijana, andikeni hili moyoni: mto chini ya goti ni adui mwenye sura ya rafiki. Goti linapumzika vizuri sana pale, linapinda kidogo, linazoea kupinda, na siku mtu anapotaka kulinyoosha linakataa. Kama mnataka kuinua, wekeni taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti liachwe hewani lijinyooshe kwa uzito wake. Mgonjwa atawachukia kidogo. Atawasamehe.

Halafu nikamuuliza habari za kitalu. Nikamuuliza akishapandikiza mche, kitawi kile cha juu anakishikiza na nini.

"Na utepe."

"Hakuna gundi?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama maji hupikwa. "Gundi ya nini? Ukikata sawa na ukibana vizuri unashikana wenyewe."

"Na kabla haujashikana unafanya nini?"

"Unaacha. Unapea maji unaacha. Ukivuta vuta kuona kama imeshika, unaua."

Akaangalia goti lake. Mimi nikamwacha, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mngeharibu kwa kuongeza mahubiri. Akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini mche haukai ukiangalia mche mwingine ukikimbia."

Nilimpa mazoezi, tukatembea na fremu hadi kwenye kitalu na kurudi, nikampongeza, nikaondoka. Mzee alinisindikiza hadi barabarani, akigeuka kila mara kumtazama mkewe.

Walipokuja kliniki tena, Mzee Kimeu alikuwa amerudi kwenye gongo. Alikuwa akichechemea. Akakaa polepole akishika goti, akasema, "Daktari, hata hii yangu imeanza. Inauma sana. Naona simiti si kitu." Mama Nduku alikuwa amemwekea mkono begani. Nilipima kupinda kwa goti lake, nikapata limepungua sana kuliko mara iliyopita, na halikunyooka mpaka mwisho.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Goti bandia lililokuwa zuri likianza kuuma ghafla si jambo la kuchezea. Linaweza kuwa limeingiliwa na wadudu, na hilo likitokea mgonjwa anaweza kurudi mezani, chuma kitolewe, mambo yaanze upya. Nililigusa: halikuwa na joto. Halikuvimba. Hakuwa na homa. Daktari akaagiza damu na picha hata hivyo. Zote zikaja safi, na simiti ilikuwa imekaa kama ilivyowekwa. Daktari akaniangalia, nami nikamwangalia. Hatukuelewa.

Bwana Mutisya wakati huo alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku wake Kitui. Nikampigia simu, kama nilivyofanya kila nilipokwama. Akanisikiliza, nikisikia majogoo nyuma yake. Akauliza, "Umemwona akitembea akiwa hajui unamwona?"

"Hapana."

"Basi hujamwona."

Nilikwenda Nunguni siku ya katikati ya wiki, bila kuwaambia. Mama Nduku hakuwepo. Jirani aliniambia kina mama wa kanisa walimfuata kwa gari, wako kwenye maombi. Nikazunguka nyumba. Gongo la Mzee Kimeu lilikuwa limetundikwa kwenye ua kama nguo inayokaushwa. Mwenyewe alikuwa anapanda kutoka kwenye matuta ya chini, ndoo ya maji kila mkono, anamwagilia miche ya mkewe. Hakuchechemea hata kidogo. Aliniona akiwa katikati ya ngazi ya udongo, akasimama. Kisha, na hili sitalisahau, akajaribu kuchechemea. Hatua mbili. Akaacha. Akaweka ndoo chini.

"Daktari."

"Mzee."

"Usimwambie mama."

Tukaketi kwenye ukingo wa tuta. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Ile siku ulikuja," akasema, "alisema mche haukai ukiangalia mwingine ukikimbia. Nilisikia. Mimi ndiye nilikuwa nakimbia, daktari. Nilienda nikasimama kanisani nikasema mambo ya lami. Na yeye amekaa pale. Sasa mimi nitaita nani nitembee naye? Miaka yote nilikuwa barabarani, alikuwa akinisubiri hapa peke yake. Nikasema safari hii hapana, hatangoja peke yake. Hii tutakaa wote."

"Kwa hiyo unakaa."

"Nakaa. Asubuhi tunaweka viti pale mlangoni, tunaweka mito, tunaongea. Ameacha kulia. Akienda maombi ndio nafanya kazi."

Nilielewa basi kwa nini goti lake lilikuwa limepungua. Halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linashinda kutwa juu ya mto kwa ajili ya mapenzi. Na goti halijui sababu. Ukilikalisha kwa uvivu au ukilikalisha kwa upendo, linakaza vilevile.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia likiendelea kukaza itabidi alazwe, apewe dawa ya usingizi, daktari alikunje kwa nguvu, na hata hapo si lazima lirudi lilivyokuwa. Simiti imeshika chuma kwenye mfupa, lakini haiwezi kumkunjia mtu goti.

"Sawa," akasema. "Likaze. Mimi ni mzee."

"Mzee, mama akipona, utamfuata na nini?"

Nikamwambia sitamwambia mkewe, kwa sababu habari za mwili wa mtu ni zake, hata kama mtu huyo ni mpumbavu. Aliinama akacheka kidogo. Nikamwambia pia kwamba yeye mwenyewe atamwambia, na siku ya kliniki nitampima mbele ya mkewe.

Siku ya kliniki walikuja asubuhi. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa na vitanda viwili, ngazi ya mbao ya kujifunzia kupanda, na dirisha linaloangalia lango. Nilimpima mama kwanza. Goti lake lilikuwa linakunjika zaidi kuliko mara iliyopita. Uvimbe ulikuwa umepungua. Nikamuuliza maumivu, akasema yapo lakini yamekuwa ya asubuhi tu. Alisema kama mtu anayeona aibu, akimtupia mumewe jicho. Hapo nikagundua kwamba naye alikuwa anajua amepata nafuu na alikuwa anaificha. Hakutaka kumwacha mzee kwenye kiti peke yake.

Nikampima mzee. Nilisoma kipimo kwa sauti. Kilikuwa kimeshuka tena.

Mama Nduku akauliza, "Hiyo maana yake nini?"

Nikamwangalia Mzee Kimeu. Alikuwa anaangalia ngazi ya mbao.

"Muulize mwenyewe, mama."

"Baba Nduku?"

Akamwambia. Alianza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kikamba, na nusu ya maneno yakabaki kinywani, lakini yalitosha. Ushuhuda. Ndoo. Gongo kwenye ua. Mama Nduku alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Kwa hivyo hiyo miche," akasema hatimaye, "nilikuwa nafikiria ni yule kijana wa jirani anamwagilia."

"Ni mimi."

"Na nikamshukuru. Nikampatia avokado mfuko mzima."

"Alikula?"

"Alikula zote."

Akatazama pembeni, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikujua kama anacheka au analia mpaka alipogeuka. Vyote viwili. Akafuta uso kwa leso.

"Kimeu," akasema, na kwa miaka yote niliyowajua sikuwa nimemsikia akimwita hivyo, "mimi nilikungoja hapa miaka yote ile ukiwa njiani. Ulikuwa unaniona nimekufa? Nililima, nikalea, nikapandikiza. Nikakungoja. Mimi sikuogopa wewe kwenda. Naogopa wewe kukaa." Akanigeukia. "Daktari, mlaze huyu hapa. Nionyeshe vile anakunjwa."

Nikamwonyesha. Kisigino kinavutwa kwenye kitanda kuja nyuma, polepole, hadi panapouma kidogo, kinashikiliwa, kinaachwa. Mama Nduku alisimama kando yake, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye kifundo cha mguu wa mumewe, akavuta. Mzee akaguna. Akavuta tena. Alimfanyia hivyo kila siku nyumbani, asubuhi na jioni, na kwa kuwa alikuwa akisimama kumfanyia, goti lake mwenyewe likazoea kusimama. Kwa kuwa alimpeleka matembezi kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni, naye mwenyewe akawa anatembea. Nilizitupa karatasi zangu za mazoezi. Hakukuwa na fisio aliyehitajika katika nyumba ile.

Goti la mzee lilirudi, si lote, lakini la kumtosha kushuka matuta. Goti la mama lilishika. Daktari alimwonyesha kwenye picha ya baadaye jinsi mfupa ulivyojaa pale chini ya chuma bila nafasi. Mama akaiangalia picha kwa muda, akasema, "Hata mimi naona," akaomba aende kwa sababu alikuwa na wateja. Mpaka leo hakuna anayeweza kuwaambia kati ya magoti yale mawili ni lipi bora. Mwenye la simiti anapanda na mwenye la bila simiti anapanda. Nawaambia hivi kwa sababu mtaulizwa, kila wiki mtaulizwa, na mtashawishika kujibu haraka ili mwende kula. Ketini. Vuteni kiti kama Bwana Mutisya. Elezeni goti la mtu huyo, na msilitie mdomoni goti la jirani yake.

Na siku mtakayomfundisha mtu ngazi, mwambieni mguu mzima utangulie kupanda, mguu uliopasuliwa utangulie kushuka. Mzima apande, mgonjwa ashuke. Wakikosea mara tatu msikasirike. Mimi mwenyewe nikichoka hukosea.

Lakini kitu ninachokumbuka zaidi ni jinsi walivyoondoka siku ile ya kliniki. Dereva wa bodaboda alikuwa akiwasubiri mlangoni. Mama Nduku alimwambia atangulie langoni, wao watatembea. Kutoka kwetu hadi lango kuna mteremko mrefu kidogo wa changarawe. Nilisimama dirishani. Walianza pamoja, yeye na fremu yake, mzee bila gongo, akijizuia, akikata hatua ziwe fupi kama za mkewe, akisimama kila aliposimama. Walikwenda hivyo kwa muda. Halafu Mama Nduku akasimama, akasema kitu. Sikukisikia. Nilimwona mzee akitikisa kichwa. Mama akaondoa mkono mmoja kwenye fremu, akanyoosha kidole kuelekea lango.

Mzee akaenda. Alienda kwa hatua zake mwenyewe, ndefu, za mtu mrefu, na mara mbili aligeuza kichwa, na mara zote mbili mkono wa mama ukamwelekeza mbele. Akafika langoni, akasimama pale, mikono imening'inia, hajui aifanyie nini. Katikati ya mteremko mama alipumzika. Akafuta jasho, akaangalia juu, akaangalia chini. Hakuharakisha. Kisha akashika fremu yake, akaisogeza mbele, akaifuata. Akaisogeza, akaifuata. Wagonjwa wengine walikuwa wameanza kupanga foleni mlangoni kwangu na nilisikia mtu akikohoa ili nimwone, lakini sikutoka dirishani mpaka alipofika.